Usiikimbie Kazi ya Mikono Yako

Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

Goti la mama yako bado linamsumbua, ila sokoni anakwenda na kugombana na wauza nazi kama kawaida.

Uliniambia kwenye simu kwamba umehama kazi, na kwamba ile programu ya mikopo uliyowaandikia waajiri wako wa zamani haikuhusu tena. Ulisema wanaoitumia ndio wa kujibu. Neno hilo limenikaa kooni. Ndiyo maana naandika.

Limenikumbusha riwaya niliyosomesha nilipokuwa mwalimu, ya Mary Shelley, iitwayo Frankenstein. Najua umeona sinema, lile jitu la vyuma shingoni linalonguruma. Liweke kando. Kitabuni kiumbe huyo anazungumza, tena kwa hoja zilizopangika kuliko za aliyemuumba.

Mary alianza kuiandika Juni 1816, kando ya Ziwa Geneva, akiwa na miaka 18. Volkano ya Tambora, kule Indonesia, ilikuwa imelipuka mwaka uliotangulia, na kiangazi cha Ulaya kikageuka mvua na baridi. Wageni wamejifungia ndani, mshairi Byron akapendekeza kila mmoja atunge hadithi ya mizimu. Binti huyo alikuwa ameshazika mtoto wake wa kwanza, na mama yake mwenyewe alifariki siku chache baada ya kumzaa. Habari za kiumbe anayefungua macho akakosa mlezi hakuzipata kwa kukisia. Kitabu kilitoka London mwaka 1818 bila jina lake.

Sasa nisikilize. Victor Frankenstein, mwanafunzi huko Ingolstadt, Ujerumani, anahangaika karibu miaka miwili na viungo vya maiti. Usiku mmoja wa Novemba, mvua inagonga vioo na mshumaa unakaribia kuisha, kiumbe anafungua jicho la manjano. Victor anakimbilia chumbani na kujitupa kitandani na nguo zake. Anaposhtuka usingizini, kiumbe ameinua pazia la kitanda, anamtazama, anatoa sauti zisizoeleweka, mkono ameunyoosha. Mtoto mchanga hufanya nini kingine? Victor anatimua mbio, anashuka ngazi, usiku uliobaki anaumalizia uani. Kesho yake anarudi na rafiki yake, anachungulia chumbani, hamna mtu. Anapiga makofi kwa furaha.

Makofi hayo yasome mara mbili. Hajiulizi kiumbe amekwenda wapi, amekula nini, atamdhuru nani. Maadamu chumba ni kitupu, shauri limekwisha.

Halijaisha. Mdogo wake William anauawa, na picha aliyokuwa ameivaa mtoto inakutwa mfukoni mwa Justine, msichana aliyelelewa nyumbani kwao. Victor anamjua muuaji. Ananyamaza, kwa hofu ya kuonekana mwendawazimu, na Justine ananyongwa. Wengi humlaumu Victor kwa kujitwalia kazi ya Mungu. Mimi kwa udadisi wake simlaumu sana; kesi yangu naye inaanzia pale uani, na inakuwa nzito pale mahakamani. Kiumbe naye simtakasi, maana William alikuwa mtoto mdogo. Lakini huyo huyo aliwahi kukata kuni usiku kwa siri, kuisaidia familia maskini isiyomjua, kabla hawajamwona na kumpiga. Na Victor, akiwa mahututi melini kwenye barafu ya kaskazini, anasema akitazama aliyoyatenda haoni lawama, huku akikiri kwamba alikuwa na deni la kumtunza kiumbe wake. Ukaidi wa aina hiyo hata kifo hakiulainishi.

Nirudi kwako. Jirani yetu muuza samaki alipata ujumbe wa kampuni ya mikopo kwamba shemeji yake ni mdaiwa sugu, amwambie alipe. Yeye hakukopa wala hakumdhamini mtu. Namba yake ilichukuliwa kwenye simu ya shemeji, na mashine haichukui bila kuagizwa. Yupo aliyekaa akaandika agizo hilo. Sisemi ni wewe, wala kampuni iliyotuma siijui. Lakini yako unajua inasoma nini kwenye simu za watu, na huenda kule ulikotoka hakuna aliyebaki anayeijua kama wewe.

Usiniambie mkataba umekwisha. Keti wiki hii, waandikie wakubwa wako wa zamani kwa lugha ya adabu: programu inafanya hivi, sehemu fulani inadhuru watu wasiohusika, na inarekebishwa hivi. Jitolee kumwelekeza atakayeishika. Nakala ibaki kwako. Wakipuuza, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo, na sheria yake ni ya mwaka 2022. Peleka huko unachokijua. Ukishaandika barua nipigie, unisomee kabla hujaituma.

Mjomba wako