Ufadhili Ulipokatika

Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya mwanafunzi aliye ugenini, ambaye fedha zimekatika na hajui mwezi ujao atakula nini. Mimi nimepita huko, na Mungu amenivusha.

Nilikwenda Ujerumani kusomea Sulfolobus, kiumbe wa seli moja wa kundi la arkea. Thomas Brock na wenzake walimweleza mwaka 1972, baada ya kumpata kwenye chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani. Hustawi kwenye nyuzi 75 hadi 80 za Selsiasi, ndani ya tindikali yenye pH 2 hadi 3. Ajabu ni kwamba ndani ya seli yake pH ni takriban 6.5. Utando wake haupenyeki kirahisi, na muda wote anaisukuma tindikali nje kwa nguvu anayoipata akipumua oksijeni. Nilimpenda tangu siku ya kwanza.

Kumwotesha ni kazi. Agari, ile jeli ya kuoteshea vijidudu, hulegea kwenye joto lile, hivyo tulitumia gelani, jeli inayostahimili joto zaidi. Visahani navyo vilikauka upesi; ilibidi nivifungie ndani ya boksi lenye maji kidogo chini, nisubiri siku kadhaa ndipo vidoa vya kwanza vionekane.

Nikiwa katikati ya kazi hiyo, mfadhili akaacha kutuma fedha. Barua zangu hazikujibiwa. Kodi ikalimbikizana. Alfajiri nilisafisha ofisi za watu, kisha nikaingia maabara na njaa. Mama akipiga simu, namwambia niko salama.

Dada mmoja Mtanzania aliniona kanisani nimekonda. Akaniuliza, "Mdogo wangu, unakula kweli?" Nikalia, nikamweleza yote. Alinipeleka kwake, akanipikia ugali na mchicha, na kesho yake akanisindikiza kwa profesa wangu. Profesa alisikitika, akanipa ajira ya usaidizi maabara na kuniandikia barua ya kuomba msaada wa dharura chuoni. Msaada ulipatikana. Nililipa kodi, nikamaliza utafiti, nikahitimu.

Ndugu yangu, ufadhili ukikatika usinyamaze. Mwone msimamizi wako wiki hiyo hiyo, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni, watafute Watanzania wenzako. Nawe uliyekwisha kuzoea ugenini, ukimwona mgeni amekonda, muulize kama amekula.