Nafasi Huru Si Nafasi Tupu



Ndugu msomaji, kabla ya kuingia seminari nilisoma stashahada ya kompyuta, na walezi wetu wanaujua udhaifu wangu: nikiona mashine mbovu, silali. Mwaka jana tulipewa kompyuta ya zamani ya mezani ambayo diski yake ilikuwa imekufa. Niliomba ruhusa ya kuishughulikia saa za mapumziko ya Jumamosi. Nilitaka ikiwashwa tu, ifungue kutoka kwenye flashi programu ndogo ya kuwasaidia wenzangu wa mwaka wa kwanza kujifunza maneno ya Kilatini.

Kwa kazi hiyo inahitajika programu ndogo sana iitwayo butiloda. Kompyuta za namna ile zinapowashwa, BIOS husoma sekta ya kwanza ya diski, yaani baiti 512 tu, na kuiweka kwenye kumbukumbu katika anwani 0x7C00. Kwa hesabu yetu ya kawaida ni 31,744. Baiti mbili za mwisho ni alama ya utambulisho. Kwa hizo 510 zinazobaki unapaswa kuliita faili kubwa zaidi na kulitafutia mahali pa kukaa.

Mahali gani? Hapo bado hakuna mfumo endeshi wa kukugawia nafasi, na kumbukumbu ya chini ina wenyeji wake. Baiti 1,024 za kwanza ni jedwali la anwani ambalo prosesa hulitegemea ili kuita huduma za BIOS. Baiti 256 zinazofuata ni taarifa za BIOS yenyewe. Kuanzia kilobaiti 640 kwenda juu ni eneo la skrini na la BIOS. Ukiandika juu ya wenyeji hao, hakuna anayekukemea. Mashine inaganda tu.

Nilichagua anwani 4,096, nikaona niko mbali vya kutosha na majirani wa chini. Faili langu lilikuwa na kilobaiti 20, likapakiwa vizuri. Kila sekta iliposomwa, butiloda ilichapa nukta moja kwenye skrini. Wenzangu walifurahi, wakaniletea maneno zaidi, nami nikaongeza. Jumamosi moja mashine ikaganda. Nilirudia mara tano. Kila mara nukta zilifika 54, zikakoma.

Nililaumu flashi, nikabadilisha. Nikailaumu mashine. Nikaenda kwenye Masifu ya Jioni na hesabu kichwani, Mungu anisamehe, na katikati ya zaburi nikaipata. Sekta 54 mara baiti 512 ni 27,648. Jumlisha 4,096, unapata 31,744. Sekta ya 55 ilikuwa inaandikwa juu ya butiloda yenyewe. Niliwakwepa majirani wote, nikamsahau yule aliyekuwa anapakia.

Ipo njia ya kuiomba BIOS ramani ya kumbukumbu. Mafundi huiita E820. Inakutajia kila eneo linapoanzia, urefu wake na aina yake: aina ya 1 unaruhusiwa kuitumia, aina ya 2 imehifadhiwa, na kadhalika. Niliiomba. Anwani ile ya butiloda yangu ilikuwa ndani ya aina ya 1. BIOS haikudanganya, yenyewe haikuwa na haja napo tena. Ila ramani haikuonyeshi wewe umekaa wapi. Hilo ni lazima ulijue mwenyewe.

Aristotle, katika kitabu cha nne cha Fizikia, anakataa kwamba kuna utupu. Darasani nilibishana naye. Kwenye kumbukumbu ya kompyuta nilimkubali kidogo, kwa sababu kila baiti ina namba muda wote, hata kama ni sifuri. Huwezi kuikuta tupu. Ukisema hapa pako huru, unatoa hukumu kwamba hakuna anayepahitaji tena, na hukumu inaweza kukosewa.

Miezi ile ile mdogo wangu, aliyekuwa kidato cha tatu, alikuwa akinipigia Jumapili alasiri, saa tunazoruhusiwa simu. Tangu baba afariki, mimi ndiye anayeniuliza mambo. "Shikamoo kaka. Una nafasi?" Ratiba ilisema ninayo. Nami nilijibu, "Marahaba, ninayo, ila fupi," kwa sababu kwaya ilinisubiri, na hesabu za duka letu, na ile mashine. Alipiga Jumapili tatu. Baadaye mama akaniambia kwamba ameacha shule, anabeba mizigo sokoni. "Alisema alikupigia," mama akasema. Sikuwa na jibu.

Nilimweleza mlezi wangu wa kiroho. Nilitegemea aniambie nipunguze kazi. Aliniuliza tu, "Frateri, kazi hizo zote ukizitoa, anabaki nani?" Nilitoka pale nikiwaza zile nukta 54. Kila kazi niliyoipokea ilikuwa njema. Niliziweka moja baada ya nyingine, na hazikuniumiza, mpaka zikamfikia yule kijana aliyekuja seminari kwa sababu alitaka kuwasikiliza watu.

Mashine niliitengeneza kwa kubadilisha mstari mmoja. Faili sasa linaanzia anwani 65,536, na kutoka hapo hadi 0x80000 kuna kilobaiti 448, nafasi tele. Kwa mdogo wangu hakuna mstari wa kubadilisha. Hesabu za duka nimezikabidhi kwa mwenzangu, na Jumapili alasiri napiga mimi, kabla ya jambo lingine lolote. Bado yuko sokoni. Jumapili iliyopita tuliongea dakika ishirini, karibu zote za mpira. Shule hatujaigusa. Nami sikumharakisha.

Tuombeane.