Jaji Bolin na Herufi Alizozifuta

Nilianza ukalimani katika Mahakama ya Familia ya New York mwishoni mwa miaka ya 1990, muda mfupi baada ya milango yake kufunguliwa kwa umma mwaka 1997. Talaka hazimo humo, zina mahakama yake. Kwetu huja mashauri ya malezi na matunzo, ya wake waliopigwa, ya wazazi wanaodaiwa kutelekeza watoto, na ya vijana waliotiwa mbaroni. Waswahili tulikuwa wachache siku hizo. Nilikuwa naitwa mara mojamoja, na saa nyingi zilipita nimekaa kwenye benchi la korido nikisubiri shauri litajwe.

Hapo ndipo karani mmoja, Mmarekani mweusi aliyekuwa anakaribia kustaafu, alipozoea kunipitishia muda kwa habari za Jaji Jane Bolin. Alikuwa amemkuta kazini katika miaka ya mwisho ya mama huyo, na alimtaja kwa heshima anayotajiwa mkubwa wa ukoo.

Bolin alizaliwa Poughkeepsie, kando ya Mto Hudson, mwaka 1908. Baba yake, Gaius Bolin, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu Williams College, na alikuwa na ofisi yake ya uwakili mjini hapo. Mama yake alikuwa mzungu, akafariki binti angali mdogo. Mtoto alikulia kati ya vitabu vya sheria vya baba, lakini baba mwenyewe hakutaka aingie kazi hiyo. Aliona yanayosemwa mahakamani hayafai masikio ya mwanamke. Chuoni Wellesley nako mshauri wa masomo akamkatisha tamaa, kwamba mwanamke mweusi hana lake katika sheria. Akaenda zake Yale, na mwaka 1931 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuhitimu sheria pale.

Tarehe 22 Julai 1939, akiwa tayari wakili katika ofisi ya sheria ya jiji, aliitwa na Meya Fiorello La Guardia kwenye Maonyesho ya Dunia huko Queens. Hakuambiwa anaitiwa nini, na alihofu huenda anakwenda kukemewa. Kumbe meya alikuwa amekusudia kumwapisha. Akatoka hapo jaji, wa umri wa miaka 31, mwanamke mweusi wa kwanza kushika cheo hicho Marekani nzima. Ilipita kama miaka 20 kabla hajapata mwenzake.

Watu wengi husimulia mpaka hapo wakanyamaza. Yule karani hapo ndipo alipoanza.

Bolin alikuta kwenye ukurasa wa mbele wa kila ombi pameandikwa herufi kubwa: N kwa familia ya weusi, PR kwa familia ya Wapuerto Rico. Karani alinichorea kwa kidole juu ya jalada alilolishika, kona ya juu, palipotakiwa kuonekana upesi. Herufi hiyo ilikata shauri kabla jaji hajasoma mstari mmoja. Maafisa wa probesheni weusi, ambao walikuwa mmoja au wawili tu, walipewa familia za weusi peke yake. Makao ya watoto yaliyoendeshwa na mashirika binafsi, tena kwa fedha za umma, yaliangalia rangi kwanza, na mtoto mweusi aliyekosa mlezi alijikuta hana pa kulala.

Jaji Bolin akazipinga herufi hizo mpaka zikaondolewa. Akasimamia maafisa wagawiwe mashauri bila kujali rangi wala dini, na taasisi zinazokula fedha za umma zipokee watoto wa kila rangi. Pamoja na Eleanor Roosevelt aliiunga mkono Wiltwyck, shule ya wavulana walioingia matatani. Na alisikiliza mashauri bila kuvaa joho, ili watoto wasimwogope. Mameya walikuja wakaondoka, yeye akiongezewa vipindi, hadi mwisho wa 1978, sheria ilipomtaka astaafu kwa kuwa ametimiza miaka 70. Baada ya hapo alijitolea kufundisha watoto kusoma.

Katika miaka yangu nimewakalimania majaji weusi, Walatino na Waasia, na hakuna karani anayegeuza shingo kuwatazama. Wageni ndio bado hushangaa. Wakongo walipoanza kuwa wengi, mama mmoja wa Kivu alininong'oneza tulipoingia, "Dada, ule mama njo juge?" Nikamwambia ndiye. Akafunga vizuri kitenge chake, na siku hiyo alijibu maswali kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma.

Hayo nimeyaona na nimeyafurahia. Lakini ukitoka koridoni utakuta waliokaa kwenye mabenchi, mwaka baada ya mwaka, wengi ni weusi na Walatino, na karibu wote ni maskini. Kiti cha jaji kimebadilika upesi kuliko benchi la anayesubiri kuitwa.

Jaji Bolin alifariki Januari 2007, akiwa na miaka 98, na taarifa za msiba zilitanguliza ule u-kwanza wake. Ni haki yake. Ila Waswahili husema cheo ni dhamana, na mimi namkumbuka zaidi kwa alivyoitunza dhamana hiyo kwa miaka 39, shauri kwa shauri. Wakalimani wapya wanaokuja kujifunza kwangu huwaonyesha jalada. Siku hizi kinachoandikwa humo ni lugha ya mhusika, ili atafutwe mtu wa kumsaidia aeleweke. Huwaambia kwamba zamani palikuwa na alama nyingine, ya kumfungia mtu mlango, na aliyehangaika mpaka ikaondoka alikuwa jaji wa mahakama hiihii.