Vumbi na Ukungu katika Jicho la Kamera

Sisi tufundishao Kiswahili hapa Ndera, pembezoni mwa jiji la Kigali, huyatambua majira kwa vumbi. Tangu mwezi wa Juni hadi mwanzoni mwa Septemba mvua huadimika, na udongo mwekundu wa barabara zisizo na lami hupeperuka ukatua juu ya madaftari, juu ya majani ya migomba, na juu ya kamera ninayowapigia picha wanafunzi wangu. Ni kamera ya zamani, ya filamu, impasayo mtu kutia jicho kwenye kitundu cha kuchungulia na kuizungusha lenzi kwa mkono hata sura ikae sawasawa. Kitundu hicho kimezungukwa na pete ya mpira mweusi, nayo hunasa vumbi upesi kwa sababu ya jasho na mafuta ya uso.

Je, vumbi hilo lina madhara gani? Katika kamera ya namna hii nuru huingia kwa lenzi, ikakipiga kioo kilicholazwa mshazari, ikapanda hadi kwenye jicho la mpiga picha. Abonyezapo kitufe, kioo huinuka na nuru hupita moja kwa moja hadi kwenye filamu. Kwa hiyo chembe iliyomo kitunduni haitokei katika picha. Huonwa na mpiga picha peke yake. Lakini jicho lililozibwa halilengi vema, na sura isiyolengwa vema yaweza isitambulike.

Kwetu sisi jambo hili si dogo. Huko Gisozi, katika wilaya yetu hii ya Gasabo, jumba la kumbukumbu lililofunguliwa mwaka 2004 lina chumba cha picha zilizotolewa na jamaa za watu waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Nyingi ni picha za kawaida za nyumbani. Atazamaye huelewa kwamba picha ya leo yaweza kuwa kesho ndiyo sura pekee iliyobaki.

Basi usafi uwe na utaratibu. Pete ya mpira, ikiwa ni ya kutoka, ichomolewe, ioshwe kwa maji na sabuni kidogo, ianikwe kivulini. Kitundu kielekezwe chini, kisha kipulizwe kwa pampu ndogo ya mpira. Kisipulizwe kwa mdomo, maana pumzi huja na mate. Ifuate brashi laini, na kitambaa kiwe cha mwisho. Afutaye kabla ya kupuliza husugua kioo kwa mchanga. Chembe iliyo ndani, juu ya kioo cha kulengea, aachiwe fundi, kwa kuwa kioo hicho hukwaruzika upesi.

Hapa ndipo somo la lugha linapoingia. Vumbi halimsumbui mwanafunzi wa Kinyarwanda, kwani kwao huitwa pia *ivumbi*. Lakini wana na neno *umukungugu*, lenye maana iyo hiyo, nalo laweza kumfanya adhani kuwa ukungu wa Kiswahili ni vumbi. Sivyo. Ukungu ni ule mvuke uvifunikao vilima asubuhi, tena ni ule uotao juu ya mkate uliochacha. Na kamera hupatwa na vyote viwili: vumbi wakati wa kiangazi, ukungu wakati wa masika, ikifungiwa mkobani ikiwa na unyevu. Vumbi hupulizwa likaondoka. Ukungu huota juu ya kioo, na ukiachwa hukila hata fundi asiweze kukirudisha.

Kwa hiyo, ndugu walimu, tusiridhike kuyaandika maneno haya mawili ubaoni tu. Tumpe mwanafunzi kamera na pampu mkononi, naye aseme ni kipi anachokiona. Akikosea neno, atakosea na dawa.