Jina la Mzee na Alama ya Kuuliza



Likizo iliyopita, sisi mafrateri watatu tulipangiwa kazi ya kichungaji katika parokia moja ya Usukumani. Paroko alitukabidhi vitabu vya ubatizo, vingine vimeliwa na mchwa pembeni, akatuomba tuingize taarifa zote kwenye kompyuta. Tulikuwa tumejifunza SQL kidogo, basi tukajiona mafundi.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kwenye namba za simu za wazazi. Katika kanzidata, kila safu hupewa aina yake ya data: namba nzima, maandishi, tarehe. Kwa kuwa simu huandikwa kwa tarakimu, safu hiyo tuliifanya ya namba nzima. Tulipofungua orodha, sifuri zote za mwanzo zilikuwa zimetoweka, maana katika hesabu 0754 na 754 ni kitu kimoja. Tulichekana kwa aibu. Muhula ule ule tulikuwa tumesoma kategoria kumi za Aristotle, na wingi ni mojawapo. Lakini nani amewahi kujumlisha namba mbili za simu akapata jibu lenye maana? Namba ya simu inafanya kazi ya jina, ingawa imevaa tarakimu. Ilipaswa kuwekwa kama maandishi. Mtihani tulifaulu, kwenye safu tukaanguka.

Kosa la pili halikuchekesha. Majina mengi ya Wasukuma yana ritifaa, kama Ng'wandu. Sisi tulikuwa tukilichomeka jina moja kwa moja ndani ya agizo, kati ya alama mbili za nukuu. Kompyuta ilipofika kwenye ritifaa ya Ng'wandu ilidhani jina limeishia hapo, na "wandu" ikalisoma kama sehemu ya amri. Agizo likakataliwa. Kwa haraka zetu tukaamua kuiondoa ritifaa. Mmoja akaandika Ngwandu, mwingine Mwandu, kazi ikaendelea.

Wiki mbili baadaye akaja mzee mmoja. Baada ya miaka mingi ya kuishi na mkewe, walitaka kufunga ndoa kanisani, naye akahitaji cheti cha ubatizo. Tukaandika jina lake, tukatafuta. Hakuna. Tukamwambia, "Shikamoo babu, jina lako halimo."

Alinyamaza kidogo. "Mafrateri, mimi nilibatizwa hapa hapa mwaka 1961. Jina langu mmelipeleka wapi?"

Tukarudi kwenye kitabu cha karatasi. Alikuwemo, kwa mwandiko mzuri wa padre wa zamani, na ritifaa yake. Yule padre hakuona shida kuandika jina kama lilivyotamkwa na wazazi. Sisi, watoto wa nchi hii, ndio tulioliona ni usumbufu.

Usiku ule tulijifunza tulichopaswa kujifunza mwanzo: kishika nafasi. Mahali pa jina, katika agizo, unaweka alama ya kuuliza tu, bila nukuu. Agizo linatangulia na muundo wake, jina linafuata kando, nalo hupokelewa kama lilivyo. Hata likiwa na ritifaa, haliwezi kugeuka amri. Ndiyo maana njia hii huwazuia pia wenye nia mbaya, wanaoandika amri zao pale palipotakiwa jina. Ina mpaka wake: alama hiyo hushika nafasi ya thamani, haishiki nafasi ya jina la safu wala la jedwali.

Tulirudia kila jina lenye ritifaa, tukilisoma kwa sauti kutoka kitabuni. Ilituchukua jioni nyingi, na hatukuomba msamaha wa paroko kabla ya kuomba wa mzee. Alitusamehe, akaondoka na cheti chake.

Ndugu wasomaji, tunaandaliwa kuwahudumia watu, na mara nyingi tunawaendea tukiwa na sentensi zilizokwisha kuandikwa. Asiyeingia ndani yake tunamkata kidogo ili aingie. Sasa tunajaribu kuacha nafasi wazi, na kumngoja mtu alitaje mwenyewe jina lake. Na vile vitabu vya karatasi bado vipo kabatini. Tumemwomba paroko asivitupe.

Tuombeane.