Windows ya elfu tano

Ile CD niliinunua mwenyewe, sitaki kumsingizia fundi. Ilikuwa 2015, ofisi yetu ndogo ya gazeti Dar es Salaam imepata kompyuta sita. Mhasibu akatusomea bei ya leseni sita za Windows, tukacheka wote. Nikashuka Kariakoo, nikarudi na Windows 7 iliyochakachuliwa, elfu tano tu. Mhariri akaniita mkombozi.

Wiki ileile nilikuwa nimeandika makala kali kuwatetea waandishi ambao vitabu vyao vinatolewa kopi na kuuzwa vichochoroni. Nikaitaja na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ambayo inazihesabu programu za kompyuta kuwa maandishi, pamoja na vitabu. Nimeisoma hadi kifungu, na bado sikujishtukia!

Fundi alipokuja kutuunganisha na intaneti alitikisa kichwa. "Dada, hii ukiiacha ijisasishe yenyewe, Microsoft wataigundua. Nizime?" Nikamwambia zima. Akaziunganisha zote sita kwenye folda moja ya pamoja. Kifaa cha kuchuja kinachoingia kutoka nje, akasema, kinataka hela nyingine. Tukasema mwezi ujao.

Ijumaa, 12 Mei 2017, saa nane mchana, kioo cha dada wa matangazo kikawa chekundu. Kisha cha mhariri. Kisha changu. WannaCry: dola 300 kwa bitcoin, siku tatu zikipita bei mara mbili, saba zikipita ndiyo basi. Kirusi kile hakikusubiri mtu abonyeze kitu. Kilipita kwenye tundu la Windows yenyewe, kikahama mashine hadi mashine kwa nyaya zetu wenyewe. Siku hiyohiyo hospitali za Uingereza nazo zilikwama. Microsoft walikuwa wametoa kiraka cha tundu lile tangu Machi, na kilikuwa cha bure. Sisi ndio tuliofunga mlango ambao kingeingilia.

Hatukulipa. Kompyuta zikafutwa, leseni zikanunuliwa kwa awamu (kumbe hela zilikuwepo). Habari zetu za zamani zilikuwa zimeshachapwa, hazikuniuma.

Kilichoniuma ni sauti. Mwaka mmoja kabla nilikwenda Bagamoyo kumrekodi mzee mmoja aliyewahi kupanga herufi za risasi kiwandani, saa tatu nzima, na kikohozi chake na vicheko vyake. Gazetini nilitumia aya mbili. Nyingine niliiweka kwenye ile folda, nikisema ipo siku nitaiandika vizuri, na simu niliyorekodia nikaifuta ili nipate nafasi.

2019 binti yake akanipigia. Mzee alikuwa amefariki. "Dada, ile sauti ya baba bado unayo? Tunataka wajukuu wamsikie siku ya arobaini."

Nikamwambia kompyuta iliharibika.

"Pole jamani," akasema, "mambo ya mitambo hayo." Nikasema asante.