Ujira wa Yokebedi

Sisi tuliotoka Singida na Iringa kuja kulea watoto Masaki tunaijua nyumba yenye kila kitu isipokuwa wazazi. Baba yuko safarini, mama hurudi mtoto amelala. Sisi ndio tunaojua kwamba mdogo ana homa tangu alasiri na kwamba mkubwa anaogopa giza. Mtoto akituita mama mbele ya mama yake, tunanyamaza, maana riziki yetu iko hapo. Wa kwetu tumewaacha kwa bibi yao.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatupa saa 24 za mapumziko kila wiki. Wengi wetu hatuzipati. Ibada ya Jumapili tunaisikiliza redioni huku tukikunja nguo.

Humo tunamkumbuka Yokebedi. Binti Farao alimlipa ujira amnyonyeshe Musa, kisha akamrudisha. Yule alikuwa mwanawe. Hawa si wetu. Hata hivyo Mungu ametukabidhi kwa muda, nasi tunawafundisha kusali kabla ya kulala.

Wapendwa, wengi wenu mna dada wa kazi nyumbani. Jumapili ijayo, mje naye.